Fizikia Ifundishwe, Isisamehewe
Hoja iliyochapishwa kwamba sharti la kufaulu Fizikia liondolewe kwa waombaji wa stashahada ya radiografia, yaani taaluma ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa mionzi, ili vijana wa Kamanga wilayani Sengerema na mwambao wa Ziwa Victoria wapate nafasi, inatambua dhuluma halisi ya shule kukosa walimu na maabara, lakini inapendekeza tiba yenye madhara. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huweza kudhuru chembe hai, na umbali kutoka kwenye chanzo ukiongezeka mara 2 nguvu yake hushuka hadi robo. Asiyeielewa kanuni hiyo atamhatarisha mjamzito aliyevuka ziwa kwa kivuko kwenda hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Kinachostahili kudaiwa ni walimu wa Fizikia na maabara katika sekondari za Sengerema, kwa kuwa haki ya kijana ni kufundishwa somo hilo.