Ufunguo si Hukumu



Yapo maneno yanayosemwa siku hizi baada ya mikutano yetu, hata vinywani mwa watu wenye kuheshimika: kwamba kupangisha nyumba kumekuwa hatari, kwa kuwa wapangaji wamejifunza njia ya mahakama. Basi wenye nyumba wanatafuta mbinu. Mmoja anakataa kuandika mkataba ili pasiwe na ushahidi. Mwingine anadai garanti ya miezi sita. Wa tatu, mpangaji akichelewa kulipa, anabadilisha kufuli au kuezua mabati mchana kweupe, akisema: «Nyumba ni yangu.»

Nasema wazi: mbinu hizo si kinga. Ndizo zinazozaa mashtaka.

Kweli nyumba ni yako. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, yasema mali ya mtu ni takatifu. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 29, yalinda makao ya mtu yasivunjwe, wala haimwulizi alalaye humo kama kuta ni zake au anazilipia kila mwezi. Siku ulipompa mpangaji ufunguo, ulimkabidhi makao. Ukiingia kwa nguvu na kutupa vyombo vyake barabarani, umejifanya hakimu katika shauri lako mwenyewe. Na aliyekuwa mdeni wako sasa amekuwa mshtaki wako.

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji imekwisha kuonyesha njia. Mkataba uandikwe. Garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Ugomvi upelekwe kwanza kwenye upatanisho, mbele ya ofisi ya serikali inayoshughulikia makao, kabla ya kufika mahakamani. Na kumtoa mpangaji kwa nguvu kwahitaji hukumu. Si kazi ya vijana walionunuliwa bia.

Tena liko deni ambalo wengi hawalikumbuki. Sheria ya mikataba na madeni ya mwaka 1888 yasema, katika kifungu cha 262, kwamba mwenye jengo hulipa madhara ya kuanguka kwake, ikiwa limeanguka kwa kukosa matengenezo au kwa ubovu wa ujenzi. Wewe unayepangisha nyumba kwenye mteremko wa Bukavu, ukuta una ufa na mfereji umeziba, usidhani hakimu ataishtaki mvua.

Najua jibu litakalotolewa. Wako wajane na wastaafu ambao chumba kimoja cha kupangisha ndicho chakula chao na karo ya wajukuu. Mpangaji hukaa nusu mwaka bila kulipa, na akitishiwa mahakama hucheka, kwa sababu kesi ni ndefu na gharama ni nyingi. Hilo ni kweli, nalo ni dhuluma. Mwenye uwezo asiyelipa anakula mkate wa mjane. Asijifunike kwa jina la maskini. Lakini tutazame mjane huyo atasimama na nini mbele ya hakimu: mkataba uliotiwa saini, risiti za kila mwezi, maandishi ya hali ya nyumba siku ya kuingia, barua ya kudai deni. Aliyekataa kuandika ili asishtakiwe, amejinyima pia uwezo wa kushtaki. Na ikiwa mahakama inakawia, tudai kwa pamoja iharakishe. Tusiweke nyundo mahali pake.

Torati ilimwamuru aliyepokea vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, kwa maana maskini huyo hana kingine cha kujifunika usiku. Wako kati yetu wanaoshika hata leo garanti ya watu waliokwisha kuhama, ambao hawakuvunja kitu wala hawadaiwi, na Dominika wanapanga mstari wa komunyo pamoja nao.

Basi kila mwenye nyumba kati yetu, kabla ya Dominika ijayo, afanye mambo mawili. Aandike mkataba na kila mpangaji ambaye hana. Na ahesabu garanti anazozishika. Iliyo ya mwingine airudishe, bila kungoja barua ya wakili.