Tufundishane jenereta kabla dhoruba haijafika

Huko Minnesota, mkazi aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976 haruhusiwi kuendesha pikipiki ya theluji bila cheti cha mafunzo ya usalama. Huku kwetu Texas, mtu anaingia dukani, analipa, anapakia jenereta kwenye gari na kuondoka nayo bila kuulizwa swali lolote. Zote mbili ni injini ndogo, zote zinakunywa petroli na kutema moshi wenye sumu. Lakini pikipiki ile inakimbia porini, na jenereta inanguruma usiku kucha jirani na vyumba walimolala watoto. Kama kuna mashine inayohitaji shule, ni hii ya pili.

Mimi ni fundi wa injini ndogo hapa Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth. Mashine za kukata nyasi ndizo zinazonilisha, ila kila baada ya dhoruba uani kwangu hujaa jenereta. Wateja wangu wengi ni watu wetu: Watanzania, Wakenya, na ndugu zetu wa Kivu waliofikia Fort Worth na Houston baada ya miaka mingi kambini. Ninaandika kwa ajili yao, na kwa ajili yako uliye Dar, Mombasa au Goma na una shangazi au mdogo wako huku.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021, katikati ya dhoruba ya baridi kali, ERCOT, shirika linalosimamia gridi ya Texas, liliagiza umeme ukatwe ili gridi nzima isianguke. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikabaki gizani. Hapa kwetu baridi ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Watu waliingiza majiko ya mkaa sebuleni, wakawasha magari ndani ya gereji ili wapate joto, wakaweka jenereta jikoni. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba ile, na watu zaidi ya 1,400 walikimbilia matibabu kwa sababu ya gesi ya kaboni monoksidi. Tarehe 8 Julai 2024 ikawa zamu ya Houston: kimbunga Beryl kiliwakatia umeme wateja zaidi ya milioni 2.2, katikati ya joto kali, na baadhi ya mitaa ilikaa zaidi ya wiki. Jenereta zikawashwa tena, na gesi ileile ikawafuata watu majumbani.

Sisi tunadhani jenereta tunaijua. Waliokuwa Tanzania mwaka 2006 wanakumbuka mgao wa umeme na mngurumo wa jenereta kila barazani Kariakoo. Lakini kule mashine ilikaa barazani, na nyumba zenyewe zilikuwa na matundu juu ya madirisha na upenyo chini ya paa. Nyumba ya Texas imezibwa kila mahali ili isipitishe joto wala baridi, na gereji imeshikana na vyumba vya kulala. Moshi ukishaingia humo hauna haraka ya kutoka. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, miguu inalegea, mtu anasema ni mafua au uchovu, analala. Wengine hawaamki.

Baada ya Beryl, mama mmoja wa Bukavu alinipigia simu kutoka Houston. "Fundi, nikiacha mulango ya garaji wazi, moshi haitatoka?" Nikamjibu, "Hautoki wote, mama. Hata ukifungua na madirisha, bado utaingia ndani." Akanieleza kwa nini anataka kuiweka humo: mvua inanyesha, wezi wanazunguka, na insulini ya mumewe iko kwenye friji. Nilimwelewa kabisa. Watu hawaingizi jenereta ndani kwa ujinga. Wanaiingiza kwa sababu ni mali, ina uzito, haitakiwi kulowa, na huko nje ni giza. Anayewaambia "weka nje" kisha akanyamaza hajawasaidia.

Basi niseme yote. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi lielekee mbali na madirisha yako na ya jirani. Ifunge kwa mnyororo mnene kwenye nguzo au mti. Juu yake weka kibanda kilichotengenezwa kwa ajili ya jenereta, kilicho wazi pembeni. Turubai ukiizungushia itashika moto. Nunua waya mrefu na mnene wa kutumika nje, na pale unapopita dirishani ziba upenyo kwa taulo. Usithubutu kuchomeka umeme wa jenereta kwenye soketi ya ukutani ili uwashe nyumba nzima, maana umeme huo unarudi hadi kwenye nguzo za barabarani na kumuua fundi anayehangaika kukurudishia taa. Anayetaka nyumba nzima iwake amwite fundi umeme mwenye leseni aweke swichi ya kubadilishia. Na ndani, karibu na vyumba vya kulala, weka king'ora cha kaboni monoksidi chenye betri. Kile cha kuchomeka ukutani tu kinazimika siku ileile unapokihitaji. Kikilia, tokeni wote kwanza, halafu pigeni 911 mkiwa nje.

Injini yenyewe nayo ina mchango wake katika usalama huu, na hapa ndipo ninapoona watu wakikosea zaidi. Jenereta ikigoma kuwaka nje kwenye mvua, mwenyewe huisukuma hadi gereji aihangaikie humo, na ikikubali kuwaka anaiacha papo hapo. Mara nyingi kilichoigomesha ni kitu kidogo mno. Petroli ya huku ina ethanoli, inavuta unyevu, na ikilala miezi kadhaa inachacha na kuacha ulimbo wa rangi ya asali ndani ya kabureta. Nikifungua bakuli la chini naukuta umeganda pembeni, na kile kitundu kinachopitisha mafuta, chembamba kama unywele, kimezibwa kabisa. Nazibua kwa waya laini na dawa ya kusafishia, na mashine inawaka. Kazi hiyo ingeepukika kwa dakika chache: dhoruba ikiisha, funga koki ya mafuta na uache injini ingurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Petroli ya akiba itiwe dawa ya kuitunza. Kila mwezi iwashe huko huko nje, uiunganishe na pasi au feni ili ifanye kazi kidogo.

Oili ndiyo wengi wanaisahau. Jenereta nyingi hutaka oili ibadilishwe kila baada ya saa 50 hadi 100. Piga hesabu: ikiwaka usiku na mchana, siku nne ni saa 96. Kwa mitaa iliyokaa wiki nzima bila umeme baada ya Beryl, oili ilikuwa imekwisha muda wake kabla umeme haujarudi. Kwa hiyo chupa ya oili ikae karibu na dumu la petroli. Kila unapoongeza mafuta zima kwanza, subiri injini ipoe, angalia kijiti cha oili. Chujio la hewa likijaa vumbi nalo ni hatari, kwa kuwa injini inayokosa hewa huchoma petroli nusunusu na kutema kaboni monoksidi nyingi zaidi.

Wanaoishi kwenye maghorofa ya Vickery Meadow kule Dallas au Gulfton kule Houston sina jenereta ya kuwashauri. Kibaraza cha ghorofani si nje. Wao wanunue betri kubwa za kuchaji, na wajue mapema kituo cha jiji kitakachofunguliwa kuwapokea watu.

Onyo lililobandikwa kwenye mashine hizi limeandikwa kwa Kiingereza na Kihispania, pengine na Kifaransa. Kiswahili sijakiona hata mara moja. Viongozi wa jumuiya zetu, maimamu na wachungaji wa Dallas, Fort Worth na Houston hukusanya mamia ya watu kila wiki. Msimu wa vimbunga unaanza Juni. Naomba Jumamosi moja ya Mei, kwenye maegesho ya kila kanisa na msikiti wetu, jenereta iwekwe chini, mita 6 zipimwe kwa futi kamba watu wakiona, na kila mama na kila kijana aivute kamba ya kuwashia mwenyewe. Arlington nitakuja na zangu. Houston wanitumie tarehe.