Biarusi wetu hatavaa taji Mtoni

Dada zetu wa visiwani,

Sisi tunaoandika ni wanawake wa Mtinko, mkoani Singida, huku kwenye alizeti na mawe makubwa, mbali na bahari. Kikoba chetu kimetenga fungu la safari. Binti yetu mmoja anaolewa, na badala ya kumnunulia makochi tumekubaliana kumpeleka Unguja, yeye na mama zake na mashoga zake wachache, akaone makasri ya kale na bustani zake kabla hajaingia nyumbani kwa mumewe. Wapo maharusi wanaoota makasri ya Uskoti, minara ya mawe na vitalu vya mawaridi, kwa kuwa ndiyo wanayoletewa kwenye simu kila siku. Sisi tukasema kasri lipo la kwetu, wala halihitaji viza.

Tukaulizia. Tukaletewa bei ya siku moja ya "Binti Mfalme": gauni la kukodi, taji, mpiga picha, magofu ya Mtoni au Maruhubi, na mtembeza wageni wa kusimulia mapenzi ya Sultani. Mmoja wetu alishawahi kufuatana na harusi ya namna hiyo, na simulizi anaijua. Maruhubi, huambiwa wageni, Sultani alikuwa na mke mmoja na masuria 99, na kila jioni akichagua. Wageni hucheka. Kisha mtembezaji humgeukia biarusi aliyesimama na shela lake na kumwuliza: "Wewe ungekuwa wa ngapi?" Watu hucheka tena, na picha hupigwa hapo hapo.

Safari hatuifuti. Tunachokataa ni kicheko hicho na taji linalokwenda nacho, na tunataka kusema kwa nini, maana kila tukisema huku tunaambiwa tunaharibu harusi za watu.

Tuanze na neno lenyewe. Suria hakuwa "mke mdogo" wala "mpenzi wa kasri". Alikuwa mtumwa wa kike aliyetwaliwa na bwana wake. Binti yetu atakapoozwa, atatumiwa mashahidi wamwulize, na mpaka aseme au anyamaze kwa ridhaa yake, hakuna ndoa. Atatajiwa mahari, na mahari ni yake, si ya baba yake. Atakuwa na walii, kutakuwa na ijabu na kabuli, na watu watakula pilau wakijua fulani kaolewa na fulani. Suria hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Bei yake alilipwa aliyemwuza. Sasa tuambieni, kati ya mambo yote ya kumwuliza msichana siku anayosherehekea kwamba ameulizwa na amekubali, ndiyo hilo la "wewe ungekuwa wa ngapi"?

Mtoni ndiko tutakakoanzia, na tutakaa sana. Ndilo kasri kongwe kuliko yote yaliyobaki Unguja, lililojengwa na Sayyid Said bin Sultan mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa 1830, kando ya kijito kilicholipa jina. Hapo alizaliwa Salme binti Said mwaka 1844. Tunayoyajua juu ya bustani ya ndani, yenye tausi na paa na mbuni wakitembea baina ya watu, na hamamu zilizojaa watu mchana kutwa, mengi yametoka katika kitabu chake kilichochapwa Berlin mwaka 1886. Tunajua wapo wanaokwepa kumtaja kwa sababu alikimbilia Ujerumani na kuacha dini. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Ushahidi wake hatuutupi, kwa kuwa hakuna mwanamke mwingine wa kasri aliyetuachia habari kama zile.

Na ushahidi huo unasema nini? Unasema mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Vita viliingia kwao akiwa mtoto, wazazi wake wakauawa, yeye na ndugu zake wakabebwa na wapanda farasi na kutenganishwa. Hakuwaona tena. Alifika mikononi mwa Sayyid Said angali mtoto mdogo. Huyo ndiye mama wa "binti mfalme" ambaye biarusi hukodishiwa gauni amwige. Salme anasema vilevile kwamba wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Qur'ani lakini si kuandika, naye akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mtembezaji akitaka hadithi ya kumsimulia biarusi pale Mtoni, hiyo hapo, na haina haja ya kuchekesha mtu.

Mke mkuu wa nyumba ile, Bibi Azza binti Seif, hakuzaa. Watoto wa Sayyid Said tunaowajua katika historia ya Unguja walizaliwa na masuria. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, masultani wanne waliofuatana kutoka 1856 hadi 1893, mama wa kila mmoja wao alikuwa suria. Wa Barghash alikuwa Mhabeshi. Na Barghash ndiye aliyejenga Maruhubi mwanzoni mwa miaka ya 1880, kasri lililoungua mwaka 1899 na kubakisha zile nguzo zinazopendwa na kamera. Kwa hiyo hata aliyejenga nyumba inayochekewa masuria alizaliwa na suria.

Mtatuuliza: ninyi watu wa Mtinko kinawauma nini, hayo ni mambo ya pwani?

Hayakuwa ya pwani peke yake. Njia kuu ya misafara ilitoka Ujiji, ikapita Unyamwezi, ikashuka Kilimatinde, Mpwapwa, mpaka Bagamoyo. Kilimatinde iko Manyoni, mkoa wetu huu. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, na Kilimatinde ikitajwa, katika orodha ya maeneo inayopendekeza yawe Urithi wa Dunia. Pembe za ndovu zilizolipia mawe na milango ya Unguja zilipita humu mabegani mwa watu, na watu wenyewe waliuzwa. Hatudai kwamba kila bibi wa Mtinko aliibiwa, wala hatusemi wauzaji walikuwa Waarabu tu. Watemi wa bara nao walifanya biashara hiyo, na majina yao yanajulikana. Tunasema tu kwamba binti wa Singida akisimama katikati ya magofu yale na kuulizwa angekuwa wa ngapi, swali si la mzaha kwake. Kwa bibi wa bibi yake lilikuwa swali la kweli.

Dada mmoja wa huko, tunamheshimu, alitujibu kwamba haya ni maneno ya wamisionari na Waingereza, waliyatia chumvi ili wapate kututawala. Ana haki katika nusu ya maneno yake. Waingereza waliutumia utumwa kama kisingizio, na ukitaka kujua waliwajali masuria kiasi gani, tazama amri ya mwaka 1897. Ndiyo iliyofuta hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Wanaume wa shamba waliweza kwenda mahakamani kudai uhuru. Masuria wakawekwa kando: wahesabiwe kama wake, wabaki walipo, isipokuwa aliyeweza kuthibitisha ukatili. Walingoja mpaka amri nyingine, ya mwaka 1909. Miaka kumi na miwili! Mabwana wa Kiingereza na mabwana wa kasri walikubaliana kimyakimya kwamba uhuru wa mwanamke wa ndani usubiri.

Kwa hiyo tutakwenda Mbweni pia, na hapo anayetamani bustani ya Mskoti ataipata. John Kirk, mzaliwa wa Uskoti, daktari na mtaalamu wa mimea aliyesafiri na Livingstone kwenye mto Zambezi, ndiye balozi aliyembana Sayyid Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Alikuwa na nyumba Mbweni, na shamba la kujaribia miti na maua ya nchi za mbali. Karibu na hapo yamesimama magofu ya shule ya St. Mary's, ambako misheni ya Kiingereza iliwaweka wasichana waliokombolewa kutoka majahazini. Wengine walifundishwa wawe walimu, wengine wakawekwa kwenye ushonaji na kazi za mikono na shamba. Walifunguliwa minyororo, na jambo hilo hatulibezi. Lakini walichaguliwa dini na walichaguliwa kazi. Pale napo biarusi wetu asimame ajiulize nani aliulizwa na nani hakuulizwa.

Kuna jibu la tatu, na hili hutoka kwa watu wa dini: dada zetu, mbona mnafukua aibu za Waislamu mbele ya watu? Tunasema hakuna aibu katika kutaja. Dini yetu ilifanya kumwacha mtumwa huru kuwa kafara na ibada, na ikamwekea suria aliyezaa haki ya kuwa huru bwana wake akifa. Hayo yalikuwa milango ya kutokea, na sisi tunajua kwamba wengi waliokaa katika makasri hawakuipita. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotangulia. Kutazama huko hakukusudiwa kuwe na taji kichwani. Na tukumbuke Hajar. Wapokezi wanatuambia alikuwa kijakazi. Kila hujaji, awe mfalme au mchuuzi, hukimbia baina ya Safa na Marwa kwa kufuata nyayo zake. Basi sisi ni umma unaofuata nyayo za kijakazi kila mwaka, halafu tunasimama Maruhubi tunawacheka wenzake?

Salme mwenyewe, tuseme ukweli, aliutetea utumwa wa nchi za Mashariki katika kitabu kile kile. Mtoto wa suria, na bado aliutetea. Hilo linatutisha kuliko hadithi ya 99, kwa sababu linaonyesha jinsi nyumba nzuri inavyoweza kumzoesha mtu. Tunalisema kwa maharusi hasa. Anayeingia ndoa akidhani heshima yake ni marumaru na pazia, ataona vigumu siku moja kusema hapana.

Sasa mpango, maana haya si maneno ya hasira tu na wengine mtataka kupanga safari kama yetu.

Kutoka Mtinko tutashuka Singida mjini, basi mpaka Dodoma, halafu treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inatufikisha Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Tutalala kwa jamaa, asubuhi boti. Siku ya kwanza Mji Mkongwe: Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa, tukaone sanamu za wale watu waliofungwa minyororo shingoni ndani ya shimo. Ni siku nzito, ndiyo maana tunaianza. Beit el-Ajaib tutaitazama kwa nje kutoka Forodhani. Sehemu yake iliporomoka siku ya tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa, na hatuna haja ya kusukumana huko. Siku ya pili Mtoni asubuhi, jua halijapanda, halafu Maruhubi, na jioni Mbweni. Siku ya tatu Kidichi, kwenye hamamu alizojengewa mke wa Kiajemi wa Sayyid Said karibu na mwaka 1850, katikati ya mikarafuu, na hapo ndipo tutakapopumzika, tutanunua viungo, tutacheka vya kutosha. Mkeka na chupa za chai tunabeba wenyewe.

Picha zitapigwa. Biarusi atavaa kanga na buibui lake, na akitaka shela avae shela. Atapigwa akiwa na mama zake, si peke yake juu ya ngazi kama anayengoja kuchaguliwa. Pale Mtoni tutaomba dua kwa Jilfidan na kwa wasiojulikana majina, kwa sauti ya chini, bila kamera.

Tunachowaomba ninyi wenyeji wetu ni kitu kimoja. Hatuna mtembezaji. Tunamtaka mwanamke, mtu mzima, ikiwezekana wa Bububu au Mtoni kwenyewe, anayejua historia hii na asiyeona haya kuisema mbele ya wasichana, na asiye na hadithi ya kuchagua kila jioni. Anayemfahamu mama wa namna hiyo atuelekeze kabla hatujakata tiketi za boti. Malipo yake tumeshayatenga, ni pesa zile zile zilizokuwa za gauni na taji.