Kompyuta ya marehemu na daftari la madeni

Wiki tatu baada ya kumzika ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwanawe mkubwa alinipigia simu baada ya sala ya isha akaniomba nifike kwao kesho yake asubuhi. Hakunieleza sababu. Nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta ya dukani, ile ya kijivu ambayo ami aliinunua mtumba mwaka 2009. Kioo chake kilikuwa cheusi kitupu, isipokuwa mistari michache ya maandishi meupe ya Kiingereza iliyosema kwamba mfumo hauwezi kuwaka, kwa kuwa faili liitwalo hal.dll halipo au limeharibika, na kwamba mwenye kompyuta aliweke upya. Siku za matanga umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa, na katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka kuizima.

Ningeweza kumwambia anunue nyingine, na yeye angeweza kuninunulia chai tukaagana. Lakini ndani ya kompyuta ile mlikuwa na madeni. Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kukumbushwa kwamba mali ya maiti haigawanywi mpaka madeni yake yalipwe na wasia wake utekelezwe; aya za mirathi katika Suratun-Nisaa zimeliweka hilo bayana. Wala hawahitaji kukumbushwa kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni. Ami aliitii aya hiyo kwa ukali ambao sisi vijana wake tuliudhihaki. Hakuna mfuko wa saruji wala kilo ya misumari iliyotoka au kuingia dukani mwake bila kuandikwa. Tatizo ni kwamba tangu aliponunua kompyuta aliacha daftari la karatasi, akawa anaandika katika programu ya hesabu aliyotengenezewa na kijana mmoja wa mjini, ambaye leo hakuna ajuaye aliko.

Na tayari mtu mmoja, mfanyabiashara wa saruji, alikuwa amekuja kwa adabu kudai shilingi 1,200,000. Warithi hawakuwa na la kumjibu, si la kukiri wala la kukana.

Kabla yangu aliitwa fundi. Aliitazama kompyuta dakika mbili akasema: “Hii tunaipiga windo upya, nusu saa tu.” Binamu yangu akamuuliza vitu vilivyomo ndani vitakuwaje. “Vya ndani vinaondoka, mzee, ila inakuwa mpya kabisa.” Alhamdulillahi, binamu yangu alisita.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa familia nyingi zimepoteza picha za arusi, kazi za shule na barua za wazazi katika nusu saa kama hiyo. Ndani ya diski ya kompyuta mna mafaili ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mfumo wenyewe, yaani yale yanayoiwezesha mashine kuamka, kutambua kibodi, kioo na diski yake, kisha kutupokea. Haya si mali ya mtu; yanafanana katika kompyuta nyingi mno na yanaweza kupatikana tena. Ya pili ni yetu: tuliyoyaandika, tuliyoyapiga picha, tuliyoyarekodi. Hayo hayana nakala popote duniani kama hatukuiweka wenyewe. Kompyuta inapogoma kuwaka kwa kukosa faili la mfumo, aghalabu mafaili ya aina ya pili yangali mahali pake, salama. Kufuta diski nzima kwa ajili ya faili moja la aina ya kwanza ni kubomoa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea.

Kwa hiyo jambo letu la kwanza halikuwa kutengeneza. Tuliifungua kompyuta, tukaitoa diski, tukaiunganisha na kompyuta nyingine iliyo nzima kwa waya maalumu unaouzwa katika maduka ya vifaa, tukanakili folda zote za ami katika flashi mbili. Moja ilibaki nyumbani, nyingine nikaenda nayo kwangu. Kompyuta ile nzima ilitukatalia mwanzoni, ikidai hatuna idhini ya kufungua folda za mtu mwingine, na ikabidi tuithibitishie kuwa sisi ndio wasimamizi. Sikuiona kero, ni adabu njema kwa mashine. Tulichukua folda ya hesabu, hatukufungua nyingine yoyote. Mtu akifa, yaliyomo katika kompyuta yake yana sitara kama yaliyomo katika kabati lake, na hili nawaambia mafundi kabla ya kuwaambia warithi.

Folda tukaipata, lakini haikusomeka. Programu ya yule kijana ilikuwa na namna yake ya kuhifadhi hesabu, na kila tulipojaribu kulifungua faili lake kwa programu nyingine tulipata mchanganyiko wa alama zisizo na maana. Hesabu tulikuwa nazo mkononi na hatuzijui. Ilibidi kompyuta ya marehemu iamke yenyewe, na mfumo wake uleule.

Mfumo huo ni Windows XP, uliotolewa mwaka 2001. Waliouunda waliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014, na tangu hapo hautengenezewi tena kinga za kawaida. Mwana wa binamu yangu, kijana wa kidato cha tatu, alikwisha kulitafuta faili la hal.dll katika intaneti kwa simu yake, akapata mahali panapoligawa bure. Alikuwa na furaha, na sikupenda kumvunja moyo, lakini nilimkatalia. Sababu ni mbili. Faili la mfumo hupewa mamlaka makubwa ndani ya kompyuta kuliko tunayojipa sisi wenyewe. Kulipokea kutoka kwa usiyemjua ni kumpa mgeni wa njiani funguo zote za nyumba. Na pili, jina moja halina maana ya faili moja. Hili la hal.dll ni mkalimani baina ya mfumo na vyuma vya mashine, na hutofautiana kwa kufuata aina ya vyuma hivyo. Lililo zima katika kompyuta ya jirani laweza kuizima ya kwako.

Mahali pa kulitafuta ni katika CD ya asili ya mfumo uleule. Ndani yake mna folda iitwayo i386, ambamo mafaili mengi ya mfumo yamefungwa kwa kubanwa, na herufi ya mwisho ya majina mengi imebadilishwa kuwa mstari mdogo wa chini. Hal.dll huonekana humo kama hal.dl_. Nalitaja kwa sababu niliwahi kumwona mtu akilitafuta faili humo kwa jina lake kamili, asilione, akaitupa CD.

Nasi CD hatukuwa nayo. Kompyuta za mtumba hutufikia bila chochote isipokuwa waya wa umeme, na pengine hata huo haupo. Ubavuni mwa mashine mlikuwamo kibandiko kinachoonyesha kwamba ilinunuliwa na mfumo wake kwa halali, na tukaona kuwa kuazima CD ya toleo lilelile kwa ajili ya matengenezo si kumdhulumu mtu. Zile za kunakiliwa na kuuzwa barabarani tuliziacha. Tulizunguka siku nne. Wengi walikuwa wamekwisha kuzitupa, na mmoja alizitundika katika mti wa mpera kufukuzia ndege. Mwishowe tuliipata kwa mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha kompyuta, aliyeihifadhi katika bahasha, na juu ya bahasha ameandika toleo na mwaka. Ilikuwa toleo letu. Alituazima akatuandikisha jina na tarehe ya kurudisha. Ami angempenda sana.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Bi mjane, aliyekuwa ndani ya eda, hakutoka chumbani, lakini kila robo saa alimtuma mjukuu wake mdogo kuja kutuuliza: “Bibi anasema, imenena?” Tukamrudisha na jibu kwamba bado.

Tuliiwasha kompyuta kwa kutumia CD, na mfumo ulipotukaribisha tukabonyeza herufi R, inayomfikisha mtu katika chumba cha matengenezo. Hamna picha wala vitufe humo, ni maandishi matupu. Kwanza tukaamuru diski ikaguliwe kwa chkdsk /r, kazi iliyotuchukua tangu saa tatu hadi karibu na adhuhuri, kwa maana diski ya zamani huenda polepole na haifai kukatizwa. Baada ya sala tukaligeukia hal.dll. Hatukulifuta lililokuwamo, tulilibadilisha jina tu, tukalikunjua jipya kutoka katika CD na kuliweka mahali pake. Tukaizima, tukaiwasha.

Maneno yakawa yaleyale. Faili la hal.dll halipo au limeharibika.

Nakiri kwamba hapo nilikaa kimya kwa muda. Kisha nikakumbuka jambo ambalo mafundi wa zamani wanalijua na ambalo ujumbe ule hausemi. Mara nyingi hal.dll halina kosa lolote. Mfumo huamka kwa kufuata kijikaratasi cha maelekezo kiitwacho boot.ini, kinachoueleza uko katika diski ipi na sehemu ipi. Kijikaratasi hicho kikiharibika, mfumo hupelekwa mahali pasipo pake, hulikosa faili la kwanza linalolihitaji, na hulitaja hilo kuwa ndilo lililopotea. Tukarudi katika chumba cha matengenezo, tukaandika bootcfg /rebuild, mashine ikatafuta mfumo ulipo, ikautambua, ikatuuliza kama iuandikishe upya, tukakubali. Na lile hal.dll la zamani, tulilolishuku bure, tukalirudishia jina lake na mahali pake.

Kompyuta ikawaka. Ikaonekana picha ya bahari ambayo ami aliiweka kiooni miaka yote ile. Mjukuu alikimbia mwenyewe kupeleka habari bila kutumwa.

Haikuwa mwisho wa kazi. Programu ya hesabu ilipofunguliwa ilidai msvbvm60.dll, faili jingine la mfumo ambalo programu nyingi za miaka ile hulitegemea. Hili kweli lilikuwa limepotea. Tuliandika sfc /scannow, amri inayokagua mafaili ya mfumo moja moja na kuyarejesha yaliyoharibika, ikatuomba CD, tukaipa, na baada ya nusu saa hesabu zikafunguka. Kompyuta hiyo hatukuiunganisha na intaneti hata dakika moja.

Walio na kompyuta mpya zaidi wasidhani habari hii haiwahusu. Amri hiyo ya sfc ingali inafanya kazi katika mifumo ya leo, mradi ifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi, na tangu Windows 8 ipo nyingine, DISM, inayoweza kuleta mafaili mazima kutoka kwa waliouunda mfumo. Mara nyingi hakuna haja ya CD wala ya kuzunguka mtaani. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na Windows 10 ikamaliza muda wake wa kawaida Oktoba 2025, kwa hiyo majumbani mwetu zitakuwamo kompyuta nyingi za zamani zenye kumbukumbu za watu wazima na wa marehemu. Muulize fundi, kabla hajaigusa, atanakili nini na atakiweka wapi. Akikujibu kwamba haina haja, mshukuru kwa nauli yake na utafute mwingine.

Tulichapisha kurasa kumi na moja. Yule mfanyabiashara wa saruji alikuwamo, na deni lake kweli lilianza kwa shilingi 1,200,000, lakini ami alikuwa amemlipa 700,000 kwa awamu mbili. Alipoonyeshwa tarehe alifikiri, akampigia simu kijana wake wa dukani, kisha akasema awamu ya pili alipokea kijana na yeye hakuambiwa. Alilipwa 500,000, akatuombea dua.

Katika ukurasa wa tisa, chini kabisa, palikuwa na mstari ambao hakuna aliyeutarajia. Si deni la mali ya duka. Ni shilingi 340,000, zilizoandikwa kuwa amana ya mama mwuza vitumbua, aliyekuwa akimwekea ami kidogo kidogo kila wiki kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na mahali pa kuficha fedha. Hakuja kudai. Hakuwa na karatasi yoyote, na huenda aliona haya kuwaingilia wafiwa.

Binamu yangu aliuliza kama yupo amjuaye. Hakuna aliyemjua. Mjukuu akaenda na ukurasa ule chumbani, akakaa kitambo, akarudi nao. Nyuma yake bi mjane alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi jina la mtaa, nyumba ya tatu baada ya kisima, na kwamba mama huyo hupatikana kabla ya saa moja asubuhi, akishamaliza kupika.