Usalama wa mitandao shuleni: Ujirani mwema usiishie kwenye mitihani

Mwezi Desemba 2024, mhalifu alitumia nenosiri lililoibwa kuingia katika mfumo wa kampuni ya PowerSchool, inayotunza kumbukumbu za wanafunzi kwa niaba ya maelfu ya shule, hasa Marekani na Kanada. Taarifa za mamilioni ya watoto zikachotwa. Ilipofika Januari, shule nyingi zilikuwa bado zinasubiri maelezo ya kampuni. Ndipo mtumishi wa shule moja huko Dubai alipoandika mwongozo wa kuchunguza ni taarifa zipi zimechukuliwa, akawapatia wenzake. Hata shule zisizo na mtaalamu zikaweza kujichunguza.

Hapa kwetu Tanzania, tapeli hupitia zaidi simu ya mzazi. “Mwanao ameugua ghafla, tuma fedha za matibabu kwa namba hii.” Ujumbe ukifika na jina kamili la mtoto pamoja na kidato chake, ni mzazi gani asiyetetemeka? Tunamlaani tapeli, na ni haki. Lakini ni nadra kujiuliza jina na namba hiyo alivipata wapi: pengine katika orodha iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, au katika kompyuta ya mhasibu ambayo nenosiri lake linajulikana na ofisi nzima.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuonja ukali wa sheria ya namna hiyo: mwezi Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Hata hivyo, kinachotudhuru zaidi ni ukimya. Mwalimu aliyebofya kiungo cha uongo hunyamaza kwa kuhofia barua ya kujieleza. Mkuu wa shule naye hunyamaza, akilinda sifa ya shule. Juma linalofuata tapeli yule yule anabisha hodi shule ya pili, na kule hakuna aliyeonywa. Kanisa linalofundisha tofauti kati ya kuungama na kuaibishwa lisingepaswa kushindwa na jambo hili: anayetoa taarifa mapema asiadhibiwe kama aliyeficha.

Shule zetu tayari zinatunga mitihani ya ujirani mwema. Kwa njia hiyo hiyo, onyo la utapeli lingeweza kuzifikia shule zote za jimbo ndani ya saa moja. Mwalimu wa TEHAMA wa shule yenye uwezo angeweza kuzitembelea shule mbili au tatu za vijijini kila muhula, akikagua nani ana nenosiri la nini, na kama hatua ya pili ya uthibitisho imewashwa. Gharama yake ni nauli na ratiba.

Nao wazazi, kabla ya kutuma senti yoyote, wapige namba iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga na shule, si ile iliyotuma ujumbe. Namba ya tapeli iripotiwe kupitia 15040, kisha shule ijulishwe siku hiyo hiyo.