Jazi Haimo Kwenye Damu

Kila ninapomwambia mtu kwamba nilisomea piano ya jazi chuoni, saa moja kila wiki, mimi na mwalimu peke yetu chumbani, napata jibu lile lile: jazi haifundishwi. Wengine hulisema kwa huruma, kana kwamba nilitapeliwa ada. Wengine hulisema kwa kujiamini kabisa: "Ile iko kwenye damu, bwana. Ama unayo, ama huna." Nimelisikia kwa wapiga vinanda wa kanisani, nimelisikia kwa watangazaji wa redio, na nimelisikia kwa watu wasioweza kumtaja mpiga jazi hata mmoja. Nimelisikia Tanga, nimelisikia Marekani kwenyewe. Kwa miaka mingi nimelijibu kwa adabu, nikitabasamu na kubadilisha mazungumzo. Leo sitabadilisha.

Tuanze na mtu ambaye sisi Waswahili tuna sehemu yetu kwake, angalau kwa jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpiga piano Herbie Hancock na wenzake katika bendi walijipa majina ya Kiswahili. Buster Williams wa besi alikuwa Mchezaji, Eddie Henderson wa tarumbeta alikuwa Mganga, Billy Hart wa ngoma alikuwa Jabali, na Hancock mwenyewe akawa Mwandishi. Albamu yao ya mwaka 1971 ina jina hilo hilo. Ukiisikiliza bila kujua habari zake, utaapa kwamba mtu huyu ameshukiwa na pepo. Lakini Mwandishi alizaliwa Chicago mwaka 1940, akaanza masomo ya piano akiwa na miaka 7, na mwaka 1952, akiwa na miaka 11, alipiga Mozart mbele ya watu pamoja na okestra kuu ya Chicago. Alipokuwa kijana wa sekondari alikaa na santuri za George Shearing na Oscar Peterson akiziiga noti kwa noti. Kisha akaenda chuo cha Grinnell, jimbo la Iowa, akaanza na uhandisi, akahamia muziki. Damu iko wapi hapo? Ninachokiona ni kiti cha piano na mtoto asiyeondoka pale.

Jirani zangu Waislamu kule Tanga hawapokei elimu ya mtu bila kuuliza kwanza aliipokea kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani. Wapiga piano wa jazi nao wana silsila yao, na ukiifuata inamuumbua kila anayesema hawakufundishwa. Fats Waller alifundishwa na James P. Johnson, tena nyumbani kwa Johnson. Johnson alikuwa amesoma kwa mwalimu Mwitaliano wa New York, Bruto Giannini. Duke Ellington alijifunza kipande cha Johnson kwa kuipunguzia mwendo piano ya kujipiga yenyewe, akawa anaweka vidole vyake pale funguo zilipodidimia. Art Tatum, ambaye alikuwa karibu haoni kabisa, alisoma katika shule ya muziki ya mji wao wa Toledo. Oscar Peterson alifundishwa mjini Montreal na Mhungaria Paul de Marky. Hata Thelonious Monk, ambaye kila mtu anamtaja kama mfano wa mtu aliyejitokeza tu kutoka hewani na sauti zake za ajabu, alikuwa na mwalimu Mwaustria utotoni, na baada yake akakaa na Alberta Simmons, mama wa mtaani kwao aliyejua kupiga piano ya Harlem.

Najua nitaletewa Erroll Garner. Huyu kweli hakusoma noti maisha yake yote, na alitunga "Misty", wimbo ambao dunia nzima inaupiga. Namheshimu mno. Lakini kutosoma noti ni jambo moja na kutofundishwa ni jambo jingine. Aliyekua akisikiliza piano tangu hajafika shule, akiiga kila kilichopita masikioni mwake, amefundishwa na masikio yake kwa ukali kuliko mwalimu yeyote. Na kwa kila Garner mmoja ninaweza kukutajia kumi waliokalishwa chini.

Wenye hoja ya damu wakibanwa hapo huhama. Wanasema: sawa, walifunzwa, ila walifunzwa mitaani, kwa wakubwa wao, usiku, vilabuni; chuo ndicho kinachoiua jazi. Basi naomba wanieleze habari za mpiga piano Mary Lou Williams. Katika miaka ya 1940 nyumba yake ya Harlem ilikuwa haifungwi. Monk alikuja, Bud Powell alikuja, Dizzy Gillespie alikuja. Walikuwa wakikaa kwenye piano yake wakionyeshana sauti, na yeye, mkubwa wao, akiwarekebisha. Huo ndio mtaa wanaousifu. Kisha mwaka 1977 mama huyo huyo akaenda kufundisha chuo kikuu cha Duke, North Carolina, akabaki huko akifundisha hadi alipofariki mwaka 1981. Je, elimu yake ilikufa siku alipovuka geti la chuo? Vidole vilikuwa vile vile, piano ni piano, na anayekaa pembeni yake bado alikuwa kijana asiyejua akitaka kujua.

Randy Weston naye, mpiga piano kijana wa Brooklyn, alimfuata Monk nyumbani kwake. Alikaa, akapigiwa piano kwa muda mrefu bila maneno mengi, akarudi tena na tena. Weston ndiye aliyetuletea mwaka 1960 albamu ya Uhuru Afrika, inayofunguliwa kwa Kiswahili cha Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, na sijui kama Watanzania wa leo wanaikumbuka inavyostahili. Kile alichokifanya sebuleni kwa Monk kina jina rahisi: somo la binafsi. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, piano. Jason Moran naye alitoka Houston, Texas, akachagua shule yake ya muziki ya New York kwa sababu mpiga piano Jaki Byard alikuwa anafundisha pale. Alimfuata mtu, kama Weston alivyomfuata Monk. Tofauti ni kwamba safari hii mtu huyo alikuwa na chumba chenye namba mlangoni na mshahara.

Nieleze basi kilichokuwa kikitokea katika chumba changu, maana naona watu hudhani tulikuwa tunasoma vitabu. Kilikuwa chumba kidogo, piano mbili ubavu kwa ubavu, dirisha lisilofunguka. Niliingia nikijua kupiga. Nilikuwa nimepigia kwaya kinanda kwa miaka 6. Mwalimu, mzee wa maneno machache, akaniambia nipige wimbo wowote niupendao. Nikapiga. Akasema: sasa uhamishe, uanzie E flat. Sikuweza. Vinanda vyetu vya kanisani vina kitufe cha transpozi. Kwaya ikitaka kupanda unabonyeza, vidole vinabaki pale pale. Kwa miaka 6 nilikuwa napiga ki moja tu, na hakuna aliyewahi kujua, kwa kuwa masikioni mwa waumini ki zote zilikuwa zinasikika. Piano ile haikuwa na kitufe. Yeye alijua ndani ya dakika 5.

Muhula wangu wote wa kwanza ulikuwa "Freddie Freeloader", ile blues ya vipimo 12 iliyomo katika Kind of Blue ya Miles Davis, ya mwaka 1959. Katika albamu hiyo piano ni ya Bill Evans, isipokuwa wimbo huu mmoja ambao Wynton Kelly aliitwa kuupiga. Mwalimu alinikataza kugusa piano. Nilitakiwa kuiimba solo ya Kelly pamoja na santuri, kila noti, kila kituo, mpaka pumzi yangu na ya Kelly ziende sawa. Hilo lilinichukua majuma matatu. Ndipo akaniruhusu mkono wa kulia. Ndipo mkono wa kushoto, lakini kwa sauti mbili tu katika kila kodi, ya tatu na ya saba, kwa sababu alisema hizo mbili ndizo zinazoeleza kodi ni ya namna gani, na nyingine zote ni nguo. Metronomu aliiweka ilie kwenye mpigo wa pili na wa nne peke yake, na hapo niligundua kwamba mdundo niliodhani ninao nilikuwa nimeazimwa na mpiga ngoma wetu wa kwaya. Kisha ki zote 12.

Baada ya hayo akasema: sasa sema la kwako. Yeye vipimo 4, mimi vipimo 4. Akinisikia nimepiga kitu kizuri alinisimamisha na kuniuliza kwa nini nimekipiga. Nikijibu kwamba noti hiyo inakubalika juu ya kodi ile, alitikisa kichwa. Alitaka niimbe ninachokwenda kupiga kabla vidole havijafika. Usichoweza kuimba hujakisikia, ndivyo alivyoamini, na vidole vinavyotangulia masikio vinapiga kelele. Nimeangalia video nyingi za mafunzo mtandaoni, baadhi ni nzuri sana. Hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza kwa nini.

Wanaoshikilia kwamba sheria huua ubunifu naona wamesahau vya nyumbani. Malenga anayemjibu mwenzake papo kwa papo kwenye malumbano, tarbia ya mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimekaa mahali pake, ameyapata wapi? Amesikiliza wakubwa, amekariri, amekosea, amekosolewa. Sheikh Amri Abedi aliziandika sheria hizo mwaka 1954, na washairi waliokisoma kitabu chake hawakuwa mabubu. Blues ina vipimo 12 kama tarbia ilivyo na mishororo minne. Anayejibu haraka ndani ya mipaka hiyo ni yule aliyekaa nayo mpaka haioni tena.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanikera kiasi hiki. Hadithi ya damu haikutungwa na wapiga jazi. Ilikuzwa na mashabiki wa nje waliowapenda watu weusi kwa namna inayowadhalilisha. Hugues Panassié, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika vitabu juu ya muziki huu, alifika mahali pa kusifu silika ya mtu asiyeguswa na elimu na kuiona elimu kama kitu kinachomharibu mwanamuziki mweusi. Sifa ya namna hiyo inamnyang'anya mtu kazi yake. Mzungu anayepiga Chopin anaambiwa amefanya bidii. Tatum anaambiwa amezaliwa hivyo. Saa alizokaa kwenye piano zinafutwa, mwalimu wake anafutwa, mama aliyelipa ada anafutwa. Na sisi Waafrika tunaipokea hadithi hiyo kwa furaha, tukidhani ni heshima, eti midundo ni yetu kwa kuzaliwa. Kisha kijana wetu anakaa kwenye piano, anakwama, na anahitimisha kwamba hakupewa.

Vyuo navyo vina deni, na sitalificha. Shahada ya kwanza ya jazi Marekani ilianzishwa mwaka 1947 huko North Texas, kwa jina la muziki wa bendi za dansi, kwa kuwa neno jazi lilionekana halifai. Na chuo chenyewe kilikuwa bado hakipokei wanafunzi weusi. Waliouzaa muziki huo walifungiwa nje ya darasa lake. Mtu anayevishuku vyuo kwa sababu hiyo ana haki. Ana haki pia anayelalamikia ada, ambazo zinawatupa nje watoto wale wale wa mitaa ile ile. Na wapo walimu wanaogawa orodha ya skeli na kuziita jazi, wanafunzi wao wote wakatoka na sauti moja. Tuwapigie kelele hao. Tudai masomo yawe rahisi kupatikana, tudai piano katika shule zetu, tudai walimu wenye masikio. Zanzibar tangu mwaka 2002 kuna chuo cha muziki wa nchi za majahazi, na vijana wanajifunza ala za kanuni na udi kwa walimu wa taarabu ana kwa ana. Sijasikia mzee yeyote wa taarabu akisema kanuni haifundishwi. Lakini anayesema jazi haifundishwi hadai chochote. Anafunga mlango na kwenda zake.

Kuna kijana mmoja hapa mtaani, anapiga kinanda kanisani kwao, ana masikio makali kuliko niliyokuwa nayo mimi katika umri wake. Alinijia mwaka jana na nyimbo 40 kichwani, zote katika ki moja. Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya anakuja kwangu, saa moja, na kitufe cha transpozi nimekibandika plasta. Tuko kwenye "Freddie Freeloader". Jumamosi iliyopita alifika ki ya saba, F sharp, karibu kila kidole juu ya ufunguo mweusi, akasimama katikati ya kipimo cha tisa na kuondoa mikono.

"Shikamoo zote nimekupa, kaka, lakini hii siiwezi," akasema. "Labda mimi sina."

Nikafunga kifuniko cha kinanda, nikamwambia aimbe.