Wenye magari ya zamani tujifunze kushika spana

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji wa gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu juu ya magari ya zamani, hasa yale madogo ya spoti, ambayo bado yamo katika miji yetu yakiwa yamefunikwa maturubai nyuma ya nyumba. Watu husema magari hayo yamekufa kwa uzee. Mimi nasema mengi hayakufa kwa uzee. Yamekufa kwa sababu wenyewe hawakuwahi kushika spana. Kila hitilafu, hata ya skrubu moja iliyolegea, ilipelekwa gereji, na gereji nyingi za siku hizi zinajua zaidi kubadilisha vipuri kuliko kutafuta ugonjwa.

Mimi ninalo Datsun 240Z. Kwa faida ya vijana ambao hawakuliona barabarani, gari hili lilitengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Lina milango miwili, viti viwili na injini ya silinda sita yenye ukubwa wa cc 2,393. Linatumia kabureta mbili, na moto wake huwashwa kwa platini, wala halina kompyuta hata moja. Wapo wanaodhani kwamba gari la namna hii ni yai, haliwezi barabara zetu. Hao nawakumbusha kuwa mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, ambaye alizaliwa Uganda, pamoja na Lofty Drews, wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo. Vumbi, matope na mashimo ya Afrika Mashariki hayakulishinda. Lakini gari lile la mashindano lilikuwa na watu walioijua kila nati yake. Hilo ndilo linalokosekana kwetu.

Nitatoa mfano ulionipata mwenyewe. Gari langu lilianza kukosa nguvu, kumisi na kupanda joto. Wakati huo nilikuwa safarini kikazi, kwa hiyo nyumbani walilipeleka katika gereji moja ambayo sitaitaja jina. Niliporudi nikaambiwa kabureta zote mbili zimekufa, kwamba dawa ni kung'oa injini nzima na kufunga ya gari jingine, na kwamba wao wamekwisha nisaidia kwa kutoa themostati kwa kuwa "nchi yetu ni ya joto, haihitaji kitu hicho." Nililirudisha gari nyumbani. Nilifungua kifuniko cha distribyuta, nikapima nafasi ya platini kwa fila geji. Kitabu cha kiwanda kinataka nafasi hiyo iwe kati ya milimita 0.45 na 0.55. Yangu ilikuwa karibu imefungika kabisa. Nikaweka platini na kondensa mpya, nikapanga taimingi, na injini ikaunguruma kama zamani. Kabureta zilikuwa nzima. Injini iliyotaka kung'olewa ilikuwa nzima pia.

Ndugu Mhariri, sielezi hayo ili kumdharau mtu. Ninataka wasomaji waelewe jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa maana ukielewa hudanganyiki. Platini ina kiguu kidogo kinachosukumwa na shafti ya distribyuta. Kiguu hicho huliwa pole pole kadiri gari linavyotembea. Kikiliwa, nafasi inapungua, moto unachelewa kuwaka, na moto ukichelewa injini hukosa nguvu na kupata joto kupita kiasi. Basi mtu akiona joto hukimbilia rejeta, akiona nguvu zimepungua hukimbilia kabureta, na mwisho hununua injini, kumbe ugonjwa uko katika kitu kinachoenea kiganjani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa watu wanajenga ukuta mahali ambapo hata ufa hawajautafuta.

Juu ya themostati nataka kusema kwa mkazo, kwa sababu kosa hili limeenea mno. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za baridi peke yake. Kazi yake ni kuyazuia maji mpaka injini ifikie joto lake la kufanyia kazi, ambalo ni kama nyuzi 80 hivi, kisha kuyaachia yazunguke. Hakuna mji katika nchi yetu, hata uwe wa pwani, wenye joto la nyuzi 80. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula petroli nyingi, oili yake hukaa na unyevu, na silinda huliwa upesi. Kama gari linachemka, tafuta sababu: rejeta iliyoziba, mkanda wa feni uliolegea, pampu ya maji au taimingi. Kuitoa themostati ni sawa na kuvunja kipimajoto ili mgonjwa aonekane hana homa.

Na tukiwa hapo hapo kwenye maji, kichwa cha injini ya gari hili ni cha alumini. Alumini hailingani na maji ya bomba matupu, sembuse maji ya kisima chenye chumvi. Huliwa ndani kwa ndani mpaka gasketi inavuja. Inatakiwa dawa ya rejeta ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na mchanganyiko huo ubadilishwe kila baada ya miaka miwili. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kuchonga kichwa kilichopinda.

Sasa nieleze ni kazi zipi ambazo mwenye gari anaweza kuzifanya mwenyewe bila kuwa fundi wa cheti.

Kwanza, kubadilisha oili na filta. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala chini ya mwembe. Ikusanywe katika dumu na kupelekwa kwa wanaoikusanya.

Pili, plagi na platini. Waya za plagi zisichanganywe: katika injini hii mpangilio wa kuwaka moto ni 1-5-3-6-2-4. Andika namba kwa chaki kabla hujachomoa hata waya mmoja.

Tatu, kupanga tapeti. Injini ikiwa baridi, nafasi ya valvu za kuingizia ni milimita 0.20 na za kutolea moshi ni 0.25. Tapeti zikilegea utazisikia zinagonga kama cherehani. Zikibana hutasikia kitu, na hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu valvu isiyofunga sawasawa huungua kimya kimya.

Nne, kabureta. Kila moja ina kikombe juu kinachotiwa mafuta mepesi kidogo. Mafuta hayo yakikauka, gari husita unapokanyaga ghafla, na hapo ndipo wengi huambiwa kabureta zimekufa. Fungua kifuniko, tia mafuta, funga. Kuhusu kuzilinganisha, chukua mpira mwembamba wa maji, ncha moja weka sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, kisha ya pili, injini ikiwa inazunguka taratibu. Ukisikia moja inavuma kuliko nyingine, rekebisha skrubu mpaka sauti zilingane. Kazi hii inataka sikio na subira.

Tano, kutu. Huyu ndiye adui mkubwa wa 240Z kuliko injini, na sisi tunaokaa karibu na bahari tunamjua vizuri. Tazama chini ya betri, kwa sababu tindikali inayovuja hula bati. Inua mazulia utazame sakafu. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele na chini ya milango. Kipele kidogo cha kutu kikikwanguliwa mpaka chuma cheupe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mapema, hakifiki kwa mchomeleaji. Kupaka puti juu ya kutu ni kumficha mwizi chumbani.

Yapo pia ambayo nasema wazi kuwa mtu asiyajaribu peke yake. Breki si mahali pa kujifunzia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na yanapaswa kubadilishwa, lakini mara ya kwanza fanya ukiwa na mtu anayejua, na usiendeshe barabarani mpaka pedali iwe ngumu. Vile vile mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala lililoegemezwa juu ya matofali ya saruji yenye matundu, ambayo hupasuka bila kutoa taarifa. Tumia stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu, na utie kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ainame akijua kwamba atatoka mzima. Mipira ya petroli iliyopasuka ibadilishwe leo, isingojee kesho, na sigara ikae mbali.

Najua kuna watakaonipinga. Wengine watasema gari la spoti ni anasa ya watu wachache, halistahili nafasi katika gazeti la wananchi. Jibu langu ni kwamba maarifa hayana anasa. Injini ya 240Z ni ndugu wa tumbo moja na injini ya silinda nne ya Datsun 1600 SSS. Hata upana wa silinda na mwendo wa pistoni ni ule ule. Anayejua kupima platini ya moja amejua ya nyingine, na amejua ya mashine yoyote inayotumia platini na kabureta.

Wengine watasema kwamba tukijitengenezea wenyewe tutawanyima mafundi riziki. Sivyo. Mama anayejua kumchanganyia mwanawe maji ya chumvi na sukari hajamfukuza daktari kazi. Anampelekea mgonjwa mapema, tena akiwa na maelezo yanayoeleweka. Mwenye gari anayejua gari lake humpa fundi mzuri kazi ya kweli: kuchonga kichwa, kufungua gia boksi, kuchomelea sakafu. Atakayepoteza riziki ni yule anayeuza injini mpya kwa mgonjwa wa platini, na huyo simwombolezi.

Wapo pia watakaosema muda wa platini na kabureta umepita. Ni kweli magari mapya hayana vitu hivyo, na vijana wetu wanafanya vizuri kujifunza ya kompyuta. Lakini mafundi waliozeeka na ujuzi wa sikio na fila geji wanapungua kila mwaka, na wengi hawana mwanafunzi hata mmoja. Ujuzi wa kutafuta ugonjwa kwa hatua, ukianza na kilicho rahisi na kuishia na kilicho ghali, haujapitwa na wakati hata kwenye gari la kompyuta. Kijana aliyefundishwa kuuliza "moto upo? petroli inafika? hewa inapita?" kabla hajagusa kitu hatamng'olea mtu injini bure.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Ombi la kwanza ni kwa VETA, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ina vyuo mikoani. Naiomba iangalie uwezekano wa kuweka masomo mafupi ya siku za Jumamosi kwa wenye magari wenyewe, wake kwa waume, na iwaalike mafundi wazee wafundishe. Ombi la pili ni kwa wenye gereji: mteja aonyeshwe kipuri kilichoharibika na aelezwe sababu kabla ya kubadilishiwa, na kisitolewe kitu garini bila ruhusa yake. Ombi la tatu ni kwa sisi wenye magari. Kila mmoja awe na daftari ndani ya gari, aandike tarehe, kilomita na kazi iliyofanyika. Mimi ninalo, na vijana wawili wa mtaani kwetu ambao huja kunisaidia kila mwisho wa mwezi wanalisoma na kuliandika. Mmoja wao sasa anapanga tapeti vizuri kuliko mimi.

Magari haya hayatatengenezwa tena. Yaliyobaki ndiyo hayo. Tukiyaacha yaoze chini ya maturubai, au tukiyafunga injini zisizo zake kwa sababu hakuna aliyejua kupima nafasi ya nusu milimita, watoto wetu watasimuliwa tu kwamba gari fulani liliwahi kuzishinda barabara zetu, wala hawatalisikia likiunguruma.

Wenzangu wenye magari ya zamani, fungueni boneti.

Mwenye Datsun,
Tanga.